Mama Aliniuliza Kama Mafuta ya Lokichar Yanakuja Kweli

Jumapili jioni nilikuwa Roysambu napika ndengu, simu ikalia. Mamangu. Huwa anapiga Jumapili kuuliza kama nimeenda kanisa, kwa hivyo uongo wangu ulikuwa tayari. Siku hiyo hakuuliza mambo ya kanisa. Aliuliza, "Wewe ndio unasoma hizi vitu kwa simu. Haya mafuta yanakuja kweli, ama ni zile hadithi zao?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza kuna sacco imekubali kumkopesha shilingi 600,000 ajenge vyumba kumi vya mawe pale Lokichar. Ijumaa anatakiwa arudishe fomu ikiwa imesainiwa. Jirani yake ameshamwaga kokoto mbele ya ploti. Sokoni kila mtu anasema Desemba mafuta yanatoka, na mwenye nyumba ndiye atakula.

Nikamwambia, "Mama, nipe hadi Jumatano nisome."

Kama umekuwa ukinifuata hapa, unajua huwa naongea mambo ya muziki, pesa ndogo za vijana na vituko vya wenye ploti wa Nairobi. Leo ni mafuta, na ni marefu kidogo, lakini vumilia. Naandika kwa sababu najua kuna wengine mko mjini na mna mzazi, shangazi ama mjomba ushago ambaye anataka kuuza kitu ama kukopa kitu juu ya mradi fulani mkubwa alioambiwa unakuja. Leo ni Turkana, kesho itakuwa kwenu.

Kwa wasiojua, Lokichar ni mji mdogo Turkana Kusini, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Lodwar. Joto, vumbi, mbuzi, na watu wanaojua kungoja. Mamangu amekuwa na hoteli pale tangu nikiwa mdogo. Nikisema hoteli nisikudanganye, ni mabati, benchi nne, chai, chapati, madondo, na nyama ya mbuzi siku ikiwa nzuri.

Machi 2012 nilikuwa darasa la nne. Rais Kibaki akatangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, kwenye kisima kinachoitwa Ngamia-1. Nakumbuka redio ya mamangu ikiwa juu ya kabati na watu wakiwa wamesimama nje ya hoteli bila kununua chochote, na siku hiyo hakuwafukuza. Kampuni ilikuwa Tullow kutoka Uingereza, pamoja na Africa Oil ya Kanada. Kwanza walisema wamepata mita 20 za mwamba wenye mafuta. Wiki chache baadaye wakasema ni zaidi ya mita 100. Sisi watoto hatukujua mita 100 za mwamba ni nini, lakini tulijua mita 100 za kukimbia, na tukaona ni mbali sana. Tukajua tumetajirika.

Kilichofuata ndio watu wengi hawakumbuki vizuri. Baada ya Ngamia walichimba Twiga, Etuko, Ekales, Agete, Amosing na visima vingine vingi. Kulikuwa na mitambo kadhaa ya kuchimba kwa wakati mmoja, ile watu wa kwetu waliita rigi. Rigi moja haitembei peke yake. Inakuja na malori ya vyuma, malori ya dizeli, malori ya maji, madereva, walinzi, wapishi, wafua nguo, mafundi wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku. Wote wanakula. Wote wanalala mahali. Wakubwa walilala kambini, lakini vibarua, madereva na wale waliokuja kutafuta kazi na hawajaipata walilala Lokichar.

Mwaka wa 2013 mamangu alikopa 240,000 akajenga vyumba vinane vya mabati nyuma ya hoteli. Vilijaa kabla hajamaliza kupaka rangi milango. Shilingi 4,000 kwa chumba, kwa mwezi. Fanya hesabu: 32,000, ukitoa malipo ya mkopo bado anabaki na pesa ambayo hakuwahi kuiona kwa kuuza chai. Nilinunuliwa viatu vya shule vya ngozi. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilidhani hiyo ndiyo maisha sasa.

Haikuwa raha tupu. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana wakitaka kazi na zabuni, na kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda. Vijana wa kwetu walikuwa wanasema wanaona kazi zikipita kwa magari zikielekea kambini, na wao wamebaki kushika bango la kuongoza magari. Walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini hata hivyo, mji ulikuwa na pesa.

Halafu kitu kikatokea mbali sana na sisi. Katikati ya mwaka 2014 pipa moja la mafuta duniani lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100. Kufika Januari 2016 lilikuwa limeanguka chini ya dola 30. Hakuna mtu wa Lokichar aliyekosea chochote. Mafuta yalikuwa bado pale pale chini. Lakini kampuni zote duniani zilianza kukata matumizi, na kitu cha kwanza kukatwa ni uchimbaji wa visima vipya. Rigi zikafungashwa zikaondoka.

Vyumba vinane vya mamangu vikabaki na mpangaji mmoja, mwalimu. Kuna kampuni ndogo ya usafirishaji, sitaitaja, ambayo madereva wake walikuwa wanakula kwake kwa daftari, walipe mwisho wa mwezi. Iliondoka na miezi miwili kwenye daftari. Lile daftari bado lipo.

Mkopo haukuondoka na rigi. Mamangu aliuza mbuzi 22, mmoja mmoja, kila mwezi. Nilifanya KCPE mwaka wa 2016, nikapata shule, na Februari 2017 wenzangu wakaripoti Kidato cha Kwanza. Mimi nilikaa nyumbani muhula mzima nikichota maji ya hoteli kwa sababu karo ilikuwa imeenda kwa mkopo. Cha kuchekesha, wakati huo huo rigi moja ilikuwa imerudi. Ilianza kuchimba tena Desemba 2016, na Januari 2017 wakatangaza wamepata mafuta Erut. Redio ilisherehekea. Kwetu hiyo ilimaanisha vyumba viwili kupata wapangaji. Rigi moja, vyumba viwili. Mamangu anasema ndio siku aliyojifunza kuhesabu.

Sasa njoo 2018, hapa ndipo mambo yanakuwa ya ajabu.

Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja kuzindua malori ya kwanza kubeba mafuta ghafi kutoka Lokichar hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000. Kabla mwezi uishe wenyeji wakazuia malori barabarani kwa sababu ya usalama. Watu walikuwa wanauawa na wezi wa mifugo, na wao wanaona mafuta yakisindikizwa na polisi kuliko binadamu. Agosti malori yakaanza tena. Safari zikaongezeka hadi yakawa yanabeba mapipa 2,000 kwa siku. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka Mombasa na mapipa kama laki mbili, iliyonunuliwa na kampuni ya China kwa karibu dola milioni 12.

Huo ndio wakati Kenya imewahi kutoa mafuta mengi zaidi katika historia yake. Mapipa 2,000 kwa siku. Kila gazeti lilikuwa na picha ya lori ama meli.

Na vyumba vya mamangu? Vitatu kati ya vinane vilikuwa na watu.

Mimi nilikuwa Kidato cha Pili na nilidhani mamangu ana mkosi. Mafuta yanatoka, mbona pesa haiji? Ilibidi nifike mwaka huu, na fomu ya sacco ikiwa mezani, ndio nielewe. Hakuwa na mkosi. Tulikuwa tunaangalia kitu kisichofaa.

Wacha nieleze nilivyoelewa baada ya kusoma usiku tatu mfululizo.

Kuna mambo mawili tofauti yanayoitwa "mafuta" kwenye habari. Kuna kuchimba na kuna kuzalisha. Kuchimba ni kutoboa ardhi: visima vya kutafuta, visima vya kupima ni kiasi gani kipo, halafu visima vya kutolea. Hiyo kazi inakula watu. Kuzalisha ni kisima ambacho kimeshatobolewa, kina koki juu, kina bomba, na mafuta yanapanda. Hiyo inahitaji mafundi wachache, walinzi wachache, na kompyuta. Kisima kinachotoa mafuta hakihitaji mtu wa kukipikia chapati.

Yale mafuta ya 2018 hadi 2020 yalitoka kwenye visima vilivyokuwa vimechimbwa zamani, kule Ngamia na Amosing. Hakuna aliyekuwa anahitaji jeshi la vibarua. Kwa hivyo ukichora mistari miwili, mmoja wa watu wanaolala Lokichar na mwingine wa mapipa yanayotoka, haiendi pamoja. Watu walikuwa wengi wakati mapipa ni sufuri. Mapipa yalipofika 2,000, watu walikuwa wameondoka.

Jambo la pili. Kisima hakitoi mafuta kwa kasi ile ile milele. Mwanzoni presha ya chini inasukuma vizuri, halafu inashuka, na mafuta yanapungua mwaka baada ya mwaka. Ili uzalishaji usianguke unachimba visima vingine, na unasukuma maji chini kurudisha presha. Ndiyo maana mipango ya Lokichar huwa inazungumzia maji kutoka bwawa la Turkwel. Ndiyo, Turkana, mahali ambapo mamangu analipia mtungi wa maji. Huo ni mjadala mwingine wa siku nzima na tutaufanya.

Jambo la tatu, mafuta ya Turkana ni mazuri kwa sababu hayana salfa nyingi, lakini yana nta. Yakipoa yanaganda, kama mafuta ya kupikia ya mkebe asubuhi ya baridi kule Limuru. Ili yapite kwenye bomba hadi Lamu, bomba la zaidi ya kilomita 800, lazima lipashwe moto njia nzima. Ni gharama kubwa sana. Hilo bomba limezungumziwa tangu nikiwa shule ya msingi na halijajengwa.

Halafu nikaweka namba zote kwenye karatasi moja. Kuna wakati mpango ulikuwa mapipa 60,000 hadi 80,000 kwa siku. Mwaka 2021 wakaandika mpango mpya, ukapanda hadi 120,000. Mei 2023 Africa Oil na TotalEnergies, waliokuwa na nusu ya mradi kwa pamoja, wakajiondoa. Tullow akabaki peke yake. Mwaka 2025 Tullow naye akauza kila kitu chake cha Kenya kwa Gulf Energy, kampuni ya hapa nyumbani, kwa angalau dola milioni 120, ikilipwa kwa awamu. Mwisho wa mwaka huo mpango mpya ukafika Bungeni. Sasa ni mapipa 20,000 kwa siku kwa kuanzia, baadaye 50,000. Mafuta ya kwanza, Desemba 2026, na kwa kuanzia yatabebwa tena kwa malori hadi Mombasa.

Kwa hivyo ahadi: 80,000, halafu 120,000, halafu 50,000. Ukweli uliotoka ardhini: sufuri, halafu 2,000, halafu sufuri tena tangu 2020.

Simaanishi kwamba mpango huu mpya ni uongo. Kwa kweli naona namba ndogo ni dalili ya mtu aliyepiga hesabu. 20,000 ni kitu unaweza kujenga polepole bila kungoja bomba la Lamu. Lakini hebu tuangalie jirani. Uganda walipata mafuta yao Ziwa Albert mwaka 2006, miaka sita kabla yetu. Uamuzi wa mwisho wa kuweka pesa ulitangazwa Februari 2022. Rigi ya Kingfisher ilianza kuchimba Januari 2023. Wana mpango wa visima zaidi ya 400 upande wa Tilenga peke yake, na bomba la kilomita 1,443 linalopashwa moto hadi Tanga. Pesa zipo, rigi zipo, na bado mwaka 2025 uliisha bila kuuza pipa hata moja. Kutoka siku ya kusaini hadi siku ya mafuta ni miaka, na Uganda hawajalala.

Na kabla mtu aniulize kama petroli itashuka bei: hapana, si kwa sababu ya Lokichar. Kenya inatumia zaidi ya mapipa laki moja kwa siku. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta kule Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mafuta ya Turkana yataenda nje yakiwa ghafi, na wewe utaendelea kununua petroli iliyotoka kwingine kwa bei ya kwingine. Mwenye nduthi asikudanganye.

Jumatano usiku nikampigia mamangu. Nilikuwa nimejitayarisha kama mwalimu. Nilikuwa hata nimeandika vichwa vya habari. Nikamweleza tofauti ya kuchimba na kuzalisha, mistari miwili, mambo ya presha, Uganda, yote. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

Akasema, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Kwani unadhani hayo mimi siyajui? Nyumba zangu zilijaa mafuta yakiwa bado chini. Yalipotoka, zikawa tupu. Hiyo nimeona na macho. Sikukuuliza kama mafuta yatatoka Desemba. Nilikuuliza kama watu wanakuja. Na kama wanakuja, watakaa miezi mingapi."

Wasee, nilikaa chini kitandani.

Mimi nilikuwa nimesoma usiku tatu ili nifike mahali mamangu alifika 2018 akiwa anapika chai. Yeye hakutaka darasa. Alitaka namba mbili tu: lini rigi inafika, na inakaa muda gani. Mkopo wa sacco ni wa miezi 48. Vyumba kumi vya mawe, vikijaa kwa miezi 18 ya uchimbaji, halafu vibaki na walimu wawili kwa miezi 30 iliyobaki, hesabu haifungi. Tulizipiga pamoja kwenye simu, yeye akisema namba na mimi nikibonyeza kikokotoo. Vikijaa miezi 30, anapona na faida kidogo. Vikijaa miezi 12, anauza mbuzi tena. Na safari hii hana mbuzi 22. Ana tisa.

Nikamwuliza, "Kuna rigi imepita huko?"

Akasema, "Hakuna. Magari madogo ya wageni ndio yako. Wanakuja na makaratasi, wanakunywa soda, wanaenda."

Kwa hivyo hili ndilo tuliloamua. Fomu ya sacco haikurudishwa Ijumaa. Vile vyumba vinane vya zamani, vinne bado vina ukuta mzuri. Atavirekebisha kwa pesa ya chama, shilingi 45,000, bila deni la mtu. Vikipata wapangaji wa mafuta, sawa. Visipopata, kuna walimu, kuna wahudumu wa afya, kuna madereva wa barabara ya Lodwar. Na kuhusu vyumba kumi vya mawe, atangoja hadi aone vyuma vya rigi vikipita kwenye malori kutoka upande wa Kainuk. Hiyo barabara inapita mbele ya hoteli yake. Hakuna rigi itaingia Lokichar bila mamangu kuiona, na sacco haihami.

Jirani yake ameshaanza msingi. Mamangu hamcheki, na mimi pia simcheki. Inawezekana yeye ndiye atakayekuwa sahihi. Rigi zikija haraka atakuwa na nyumba na sisi tutakuwa na mabati. Nilimwambia mamangu hivyo pia, kwa sababu sitaki siku moja aseme mtoto wa Nairobi alimzuia kutajirika. Akaniambia, "Nikikosa faida nitalala njaa usiku mmoja. Nikikosa kulipa mkopo utalala njaa na wewe." Nikakumbuka ule muhula wa kuchota maji, nikanyamaza.

Lakini kuna kitu kimoja tulichobishana, na bado tunabishana.

Kama pesa ya kazi inakuja wakati wa kuchimba halafu inaondoka, basi wakati mafuta yenyewe yanatoka, kwa miaka ishirini na zaidi, mwenyeji anapata nini? Jibu liko kwenye Sheria ya Petroli ya 2019. Ile sehemu ya serikali inagawanywa hivi: asilimia 75 serikali ya kitaifa, asilimia 20 kaunti, asilimia 5 jamii ya eneo hilo, kupitia hazina ya amana yenye bodi yake.

Sikiliza neno "sehemu ya serikali". Si asilimia 5 ya mafuta yote. Kampuni kwanza inarudisha gharama zake, halafu kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati yake na serikali. Kwa mfano tu, ili uone: tuseme mafuta yameuzwa shilingi 100. Gharama zikichukua 60, zinabaki 40. Serikali ikipata nusu, ni 20. Asilimia 5 ya 20 ni shilingi moja. Kwa hivyo kila shilingi mia, jamii inaona bob. Gharama zikiandikwa kubwa zaidi, hata hiyo bob inapungua.

Mimi nikasema hiyo bob ndiyo ya kupigania, kwa sababu itakuja kila mwaka bila mtu kukopa. Ukizidisha bob kwa mapipa 20,000 kwa siku kwa miaka, ni shule, ni visima vya maji, ni karo ya watoto wasiokaa nyumbani muhula mzima. Mamangu akasema, "Hiyo pesa ina bodi. Bodi ina wakubwa. Mimi nitaijua nikiiona." Nikamwuliza kama amewahi kwenda kwa baraza wakiongea mambo ya hiyo bodi. Akasema baraza huwa saa nne asubuhi, na saa nne ni saa ya chai.

Hapo ndipo nimekwama, na ndiyo sababu naandika. Vijana wa Turkana tuko wengi Nairobi, Eldoret, Kitale. Tunajua kutengeneza video ya sekunde 30 tukicheza mbele ya ukuta. Tumekuwa tukipiga kelele za kazi: tupewe kazi kwenye rigi, tushike bango, tuendeshe lori. Ni haki yetu na tuendelee. Lakini kazi ya rigi ni ya miezi, na ile asilimia 5 ni ya maisha ya kisima. Nani atakaa kwenye bodi? "Jamii" ni kina nani, ni watu wa Lokichar tu, ni Turkana Kusini na Mashariki yote, ni nani? Gharama za kampuni zinakaguliwa na nani, na mimi naweza kuzisoma wapi? Hayo maswali hayana picha nzuri ya kupiga. Lakini yatajibiwa na mtu, na kama hatuko pale, yatajibiwa bila sisi, saa nne asubuhi, mamangu akiwa anamimina chai.

Mimi nimeanza na kitu kidogo. Nimemwomba binamu yangu aliye Lokichar anitumie tarehe ya kila baraza, na mwezi ujao naenda nyumbani na simu yangu. Nitarekodi, nitatafsiri kutoka Kiturkana, nitaweka hapa. Kama hakuna baraza, nitaweka hapa pia kwamba hakuna baraza.

Mamangu naye ana kazi yake. Kila Jumapili sasa, kabla hajauliza mambo ya kanisa, ananipa ripoti ya barabara. Jumapili iliyopita ilikuwa: malori ya simiti manne, tingatinga moja, gari la wageni wa makaratasi mara mbili. Rigi, hakuna.

Nikamwambia asante. Akauliza, "Na kanisa ulienda?"

Sasa niambie wewe. Kwenu ni mradi gani, na mzazi wako amekuuliza nini?